Jinsi Nilivyoirudishia Uhai Taa ya Nje ya Karavani Yetu Kuukuu

Karavani yetu, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na gari, ni Sprite ya miaka ya 1970, iliyoundwa Newmarket, Uingereza, na kwa muda mrefu sasa imeegeshwa uani kwetu upande wa Dunga, Kisumu, ambako upepo wa ziwa huifikia mchana kutwa. Kwa kuwa Waingereza nao huendesha magari kwa kushoto kama sisi, mlango wake uko ubavu wa kushoto, ule unaotazama ukingo wa barabara, na juu ya mlango huo pana taa ndogo yenye kitako cha chuma kilichotiwa kromu na kifuniko cha plastiki ya manjano. Si taa ya barabarani. Kazi yake ni kumulika kipandio usiku, mtu aone anapoweka mguu. Taa hiyo ilianza kwa kufifia, ikaendelea kwa kuzima kila baada ya mvua na kuwaka tena jua likishatoka, na mwishowe ikakataa kabisa.

Fundi wa umeme wa magari niliyemwita aliitazama kwa muda mfupi, akaigonga kwa kidole, kisha akasema, "Mama, hii imechoka. Tuitoe tufunge mpya ya LED, nitamaliza leo leo." Nilimjibu, "Fundi, taa inayozima kwa mvua na kuwaka kwa jua haijachoka. Nisaidie kwanza tujue maji yanaingilia wapi." Sikumkatalia kwa sababu ya mapenzi ya vitu vya kale peke yake, ingawa mapenzi hayo ninayo na siyafichi. Taa mpya za plastiki zina nafasi za skurubu zisizolingana na za zamani, kwa hiyo ukifunga mpya ni lazima utoboe matundu mengine katika bati la alumini, na yale ya kwanza yabaki ya kuzibwa. Katika karavani ya aina hii, ambayo ukuta wake ni bati jembamba la nje, fremu ya mbao katikati na ubao mwembamba wa ndani, kila tundu ni mlango wa maji. Kitako cha zamani, kwa upande wake, ni chuma kizima kinachosafishika, na matundu yake yapo tayari.

Kabla ya kugusa chochote tulichomoa waya wa stima ya nyumba. Karavani nyingi za umri huu zina mifumo miwili ya umeme, ule wa volti 12 wa betri na ule wa volti 240 unaotoka nyumbani, na si ajabu kukuta waya za mifumo yote miwili zimepita katika ukuta mmoja, zikiwa zimeongezwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti. Taa yetu ilikuwa ya volti 12, lakini hilo tulilithibitisha kwa kuufuata waya hadi kwenye betri, hatukulichukulia kwa kukisia.

Kipimo cha kwanza ndicho kinachowapotosha wengi. Tulipotoa balbu na kuweka ncha za mita ya kupimia umeme kwenye vishikizo viwili vya shaba vinavyoibana, tulisoma volti 12.4, yaani karibu zote za betri. Mtu angesema umeme umefika, basi tatizo ni balbu. Tuliporudisha balbu na kupima tena mahali pale pale, volti zilishuka hadi takriban 7. Njia ya umeme iliyoharibika nusu hufanana na mpira wa maji uliokanyagwa: ukiwa umefungwa mwishoni, presha inaonekana ipo, lakini ukiufungua, kinachotoka ni mchirizi. Mita yenyewe huvuta umeme kidogo mno, ndiyo maana haiwezi kuonyesha njia mbovu mpaka pawe na mzigo, yaani kitu kinachotumia umeme, na balbu ya wati 10, inayohitaji takriban ampea 0.8, ni mzigo wa kutosha. Tangu hapo nimekuwa nikimwambia kila anayeniuliza apime balbu ikiwa mahali pake.

Ilibaki kujua kama ubovu uko kwenye waya chanya unaoleta umeme au kwenye njia ya kuurudisha kwenye betri. Tulichukua waya mrefu, tukaufunga kwenye ncha hasi ya betri na kuugusisha kwenye kishikizo cha hasi cha taa, na balbu ikawaka kwa nguvu zake zote. Kwa hiyo waya chanya ulikuwa mzima, na tatizo lilikuwa kwenye njia ya kurudi. Katika taa hii, hapakuwa na waya wa kurudi hata kidogo. Mtu aliyeifunga zamani alitegemea skurubu ya chuma ipitishe umeme kutoka kitako hadi bati la alumini, na bati liupeleke kwenye chasi. Mpango huo hufanya kazi karavani ikiwa mpya na kavu. Chuma na alumini zikikutana penye unyevu, alumini ndiyo huliwa, ikageuka unga mweupe, na unga huo ni oksidi ya alumini ambayo haipitishi umeme. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mvua na jua viliamua kama tutapata mwanga.

Kukitoa kitako kulihitaji subira. Skurubu za juu zilifunguka, ila ya chini upande wa kulia ilikuwa imeshikamana na bati, na bisibisi ilianza kukila kichwa chake. Tuliinyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, tukaiacha usiku kucha, na asubuhi tukaigusisha ncha ya chuma cha kuchomea risasi hadi ikapata moto, ndipo ikazunguka. Ningependelea kusubiri namna hiyo mara zote kuliko kutumia drili, kwa sababu alumini ya ukuta huu ni nyembamba na ncha ya drili ikiteleza huacha mkwaruzo unaoonekana kutoka langoni.

Chini ya kitako palikuwa na tabaka juu ya tabaka za silikoni. Kila aliyeona maji yakiingia alikuwa amepaka nyingine pembeni, juu ya ile ya zamani. Silikoni ina mahali pake, lakini kwenye ukuta wa karavani kuukuu naihesabu kuwa adui, kwa kuwa masalia yake huzuia kitu kingine chochote kushika, hata silikoni mpya, na ikishaachana na bati kidogo upande mmoja hukusanya maji na kuyazuia yasikauke. Tuliikwangua kwa kipande cha plastiki ngumu, si kwa kisu, kisha tukafuta kwa spiriti na kitambaa safi, tukarudia mpaka kidole kikawa hakitelezi tena juu ya bati. Kazi hii ndogo isiyoonekana ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko nyingine zote.

Nilipochungulia ndani ya tundu kwa tochi niliona kile nilichokuwa nikikihofia. Kipande cha mbao ambacho skurubu zilikuwa zimeshika kilikuwa cheusi, na nilipokidunga kwa bisibisi nyembamba iliingia bila upinzani na kutoka na nyuzi zilizolowa zenye harufu ya udongo. Bahati ni kwamba uozo haukuwa umesambaa. Kiasi cha upana wa kiganja juu ya mlango kilikuwa kimeharibika, na zaidi ya hapo mbao ilikuwa ngumu. Tulifungua ubao wa ndani upande ule, tukakata sehemu iliyooza, tukaacha ukuta wazi upigwe na upepo hadi ukakauka, halafu tukaunga kipande cha mvule nilichokipata kwa seremala kati ya mabaki ya kitanda alichokuwa akikitengeneza. Mvule ni mzito kwa kazi kama hii, nakubali, lakini ni mbao inayostahimili unyevu na mchwa, na kwa kipande kidogo namna hiyo uzito haukuwa jambo la kujali.

Waya wa zamani tuliukata kidogo kidogo kurudi nyuma hadi tukakuta shaba inayong'aa, maana shaba iliyokwisha kuwa nyeusi haishiki risasi ya kuchomea wala haibaniki vizuri. Kisha tukapitisha waya mpya wa hasi, wa unene wa milimita mraba 1.5, kutoka kwenye taa moja kwa moja hadi ncha hasi ya betri, ili taa isitegemee tena bati la ukuta. Kwenye tundu la alumini tuliweka ringi ya mpira, kwa sababu ukingo wa bati ni mkali na mtikisiko wa safari ungekata plastiki ya waya, chanya ikagusa ukuta. Kwa hofu hiyo hiyo tuliweka fyuzi ya ampea 5 kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Fyuzi hulinda waya usiungue, wala haijali balbu, na ikikaa mbali na betri basi kipande chote cha waya kilicho kabla yake hakina mlinzi. Nyuma ya taa tuliacha waya uning'inie kwa mkunjo kabla ya kupanda kuingia kwenye kitako, ili tone likiufuata waya lianguke kwenye mkunjo lisifike kwenye shaba.

Kifuniko kilikuwa kimejaa wadudu wadogo wale wanaopaa ziwani kwa makundi mazito na kuvamia kila penye mwanga. Mizoga yao ilikuwa imegeuka tope kavu lililoziba kitundu cha chini cha kutolea maji. Nilikiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Petroli na thina zisikaribie plastiki ya aina hii, kwani huipasua nyufa ndogondogo zisizotibika. Jua letu, hapa karibu kabisa na Ikweta, lilikuwa limekipausha kwa nje, hivyo nikakisugua kwa msasa wa maji, kuanzia namba 800 ulio mkwaruzo, halafu 1200, kisha 2000 ulio laini, na kumalizia kwa Brasso, ile dawa ya kung'arishia vyuma, mpaka umanjano wake ukarudi. Rangi hiyo nimeihifadhi kwa makusudi, kwa kuwa mwanga wa manjano huvuta wadudu wachache kuliko mweupe, na anayeishi kando ya ziwa hili hahitaji kuelezwa faida yake.

Balbu ni ile ndefu yenye ncha za chuma pande zote mbili, aina ambayo hutumika pia kumulika namba za magari, kwa hiyo duka lolote la spea linayo. Nilichagua ya LED, tena yenye mwanga wa joto, kwa sababu ile nyeupe ya samawati hupoteza nguvu nyingi nyuma ya kifuniko cha manjano. Niliangalia vilevile kwamba inavumilia volti zaidi ya 12, kwani betri yetu huchajiwa na paneli ya sola, na wakati wa kuchaji volti hufika 14.4, LED za bei rahisi zilizopimwa kwa volti 12 tupu haziishi sana katika hali hiyo.

Badala ya silikoni nilitumia utepe wa butili, ule mweusi unaonata, ambao mafundi wa vioo vya magari hukaa nao. Uzuri wa butili ni kwamba hubaki laini kwa miaka mingi, hufuata bati linapotanuka kwa joto na kunywea usiku, na siku ukitaka kufungua taa tena hufunguka bila kuharibu kitu. Tuliuzungusha nyuma ya kitako chote, tukaweka vipande vidogo kwenye kila tundu la skurubu ili skurubu mpya, ambazo ni za chuma kisichoshika kutu, zipite ndani yake na zisikutane na alumini penye maji. Tulikaza skurubu kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, hadi butili ikatokeza pande zote. Jua la mchana lilipoilainisha tukakaza tena taratibu, na kilichozidi tukakikata kwa ukingo wa plastiki. Kitundu cha chini cha kifuniko tulikiacha wazi: maji yasiingie ukutani, lakini umande unaojikusanya ndani ya taa lazima uwe na pa kutokea.

Tuliijaribu kwa mpira wa maji, tukianza kumwagia chini ya taa na kupanda polepole, ili kama pangevuja tungejua ni kwenye kimo gani, huku mtu akishika karatasi kavu kwa ndani. Karatasi ilibaki kavu. Tulipima tena balbu ikiwa inawaka, na tofauti kati ya betri na taa ilikuwa chini ya nusu volti. Ubao wa ndani sikuurudisha mpaka zile mvua za alasiri zinazoletwa na upepo zilipoupiga ukuta ule vya kutosha, nami nikaugusa mvule kwa kidole kila baada ya mvua na kuukuta mkavu.

Sasa tumehamia taa za nyuma, ambazo zina ugonjwa ule ule wa skurubu kutegemewa kurudisha umeme. Huko kazi ni kubwa zaidi, kwa kuwa katika plagi ya pini 7, ile inayounganisha umeme wa karavani na gari linaloikokota, waya mweupe ndio unaorudisha umeme wa taa zote, za kuashiria, za breki na za usiku, na ukiwa dhaifu utaona taa ya breki ikipepesa kila unapoashiria kukata kona. Fundi ameshaagiza butili nyingine, na safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia tusinunue taa mpya kabla ya kupima zikiwa zinawaka.