Modeli ya msitu wa kelpi: achini wamekataa kufa, hatimaye!

Modeli yangu ya kompyuta imekubali jamani, ile ya kelpi (mwani mkubwa wa baharini) na achini (vinyama vya miiba vinavyoutafuna). Grafu ya kelpi imeshuka, ikalala chini, na haijainuka tena. Hapa Kisumu jamaa wananiuliza mbona nisihesabu gugu la ziwani, ni swali zuri, lakini niacheni kwanza.

Mnajua ile shida, kila nikitoa fisi maji wa baharini, ambao huwala achini, achini wanazaana, wanafagia kelpi yote, wanakufa njaa, msitu unarudi kana kwamba hakuna kilichotokea, juu chini juu chini mpaka nikachukia hiyo grafu. Baharini haiendi hivyo. Kaskazini mwa California kiti cha pweza aina ya Pycnopodia, naye mla achini, kilipigwa na ugonjwa kuanzia 2013, joto la bahari la 2014 hadi 2016 likaongezea, kelpi ikapotea zaidi ya asilimia 90 na sehemu kubwa ikabaki mawe na achini wa zambarau. Achini hafi njaa kirahisi huyo! Anakaa miaka, ukimpasua ndani hamna kitu, na bado anangoja kichipukizi akitafune.

Nikapunguza vifo vya achini kwenye modeli. Wapi. Sasa wakawa wanamaliza kelpi hata fisi maji wakiwepo, hapo nikakwama vibaya. Kumbe dawa ni tabia yao: kelpi ikiwa nyingi, vipande vinavyokatika vinazama chini, achini anatulia kwa mwanya wake wa mwamba analetewa chakula kama mzee wa boma. Vipande vikipungua ndio anatoka kuufuata mmea wenyewe, anatafuna pale chini unaposhikia mwamba, na mmea wa mita 30 unang'oka mzima unaenda na maji. Nikaweka swichi hiyo moja tu na modeli ikatulia kwa hali mbili, msitu au jangwa, na kutoka jangwani lazima uondoe achini wengi kuliko wale walioanzisha balaa.

Yote mistari michache ya Python, lugha ya kuandikia programu. NetLogo, programu ya kutengenezea modeli kama hizi, ni tamu kwa macho, vidoti vinatembea, lakini laptopu yangu kuukuu ilikuwa inalia. Excel mtu asinitajie.

Nilipanga kuongeza nyangumi wauaji wa visiwa vya Aleutian kule Alaska, wanaowala fisi maji, hao wangoje. Fisi maji wa Monterey, California, anabagua: achini wa jangwani hana nyama, anamruka, anaenda kula walioshiba ndani ya msitu. Pycnopodia yeye hachagui, hata mwenye njaa anammeza. Wawili hao siwezi kuwapa fomula moja, leo usiku stima ikikaa namwandikia kila mmoja yake.