Kwa hiyo wangekaa gizani?

Jumapili usiku, Oktoba 19, 2025

Tangu Ijumaa kuna swali la mdogo wangu limenikaa kooni. Harusi ya binti wa shangazi imepita salama, kazini wamepunguza watu watatu na mimi nimebaki, lakini nikitulia tu, ni lile lile linarudi.

Tulikuwa tunakunja nguo. Simu yake ameiegemeza kwenye beseni, anaangalia Kanali Randrianirina, yule mwanajeshi aliyeshika madaraka Madagaska, akiapishwa kule Antananarivo, mji mkuu wao. Mkononi ana soksi moja, anatafuta pacha wake.

"Umesikia, dada? Uchaguzi ndani ya miaka miwili."

"Mahakama ya katiba ilisema siku 60," nikamwambia. "Hata hajaapa, zimeshakuwa miaka miwili. Akishakalia kiti je?"

"Wewe nawe!"

"Na Rajoelina, huyo rais aliyekimbia, alisema hivyo hivyo alipoingia. Mwaka 2009. Miezi 24."

Akaiacha soksi, akanitazama usoni. "Kwa hiyo wangekaa gizani?"

Nikanyamaza. Akachukua simu yake akatoka, na nguo zikabaki nusu.

Usiku ule nilimjibu mara kumi kichwani. Nilimwambia kwamba Rajoelina alikuwa meya wa miaka 34 wakati ule, katiba ya wakati huo ilitaka rais awe na 40, na waliomwinua ni kikosi kile kile cha jeshi, CAPSAT, kilichomwangusha sasa. Nilimwambia kwamba ile miezi 24 ilizaa kura ya Oktoba 2013, zaidi ya miaka minne na nusu. Nilimwambia wewe ulikuwa unajifunza kusoma, mimi nilikuwa nakaa na Baba kando ya redio. Kila nikimaliza, namwona ananitazama vile vile: kwa hiyo wangekaa gizani?

Jana baada ya harusi nikaenda kutafuta ushahidi. Daftari la Baba, lile la jalada la bluu, Mama analiweka chini ya kanga zake. Mnajua Baba alivyokuwa na Bukini. Hakuwahi kuiita Madagaska, miaka yote ya meli akishuka Majunga na kurudi na hadithi. Nilikumbuka kuna mahali aliandika. Nikapaona. Kalamu nyekundu, herufi zake za kulala: "Bukini. Kura. Machi 2011." Chini yake kapiga mstari.

Machi ikapita. Baba akatutoka 2012, kura haijapigwa.

Nilikuwa nimelichukua daftari nikamwonyeshe mdogo wangu, nimwambie tazama, hata Baba walimdanganya. Lakini nilipokaa nalo kitandani nikaona Baba hakuandika ile tarehe ili aje amsute mtu. Aliandika kwa sababu alikuwa anaingoja. Alikuwa na watu kule, alikuwa na jina la mwenye hoteli ya bandarini ambaye kila Idi alimwombea dua.

Na mdogo wangu hakunitetea kanali. Nimeyarudia maneno yake yote, hamna mahali alipomtaja. Alikuwa anawasema vijana waliotoka Septemba 25 kudai maji na umeme, wale waliochora fuvu lenye kofia ya kwao wakaligeuza bendera. Siku chache tu baadaye Umoja wa Mataifa ulisema wameshakufa wasiopungua 22. Yeye anasema habari za watoto waliochoka kuamkia bomba kavu, mimi namjibu kwa kalenda.

Hiyo ahadi bado siiamini. Nataka kuona siku yenyewe imetajwa, daftari la wapiga kura limefunguliwa, na yeye kanali ameandika kwa mkono wake kwamba hatagombea. Mpaka hapo, miaka miwili kwangu ni maneno. Ila swali la Ijumaa lilistahili jibu, na jibu ni hapana, wasingekaa gizani. Ningemwambia hilo kwanza, hayo mengine tungeyazungumza soksi zikiisha.

Leo nikaenda kumpa daftari, nikamkuta kalala. Nikaliweka karibu na simu yake, ukurasa ule ukiwa wazi.

Nikipita mlangoni kwa Mama nikaona viatu vyake vya harusini. Cha kushoto mkanda umefungwa tundu la mwisho kabisa, na bado ngozi imevutika pale mguu ulipojaa. Cha kulia kiko kama kawaida. Hajasema kitu, na jana alicheza mpaka mwisho. Kesho nataka nimpeleke akapimwe kabla sijaingia kazini, na sijui nitaombaje ruhusa wiki hii.