Huufikiri Uhai wa Mnyama Wake

Neno la wiki: Methali 12:10

"Mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake." Wengi wetu tukiunukuu mstari huu tunaugeuza kimoyomoyo na kusoma "huuhurumia". Haukuandikwa hivyo. Huruma imetajwa kwenye nusu ya pili, tena ni huruma ya waovu, na inaitwa ukatili. Kitenzi cha Kiebrania pale mwanzo ni kujua: mwenye haki anaijua hali ya mnyama wake. Ukitaka kuuona mstari huu ukifanya kazi, angalia nyumba inayotunza mbwa mwenye kisukari aliyepofuka. Huko, huruma isiyo na hesabu inaweza kumuua kabla jogoo hajawika.

Tuanze na macho, maana ndiyo watu huona kwanza. Sukari ikizidi kwenye damu huingia kwenye lenzi ya jicho, humo hugeuka sobitoli, na sobitoli huvuta maji. Lenzi inavimba, inakuwa nyeupe kama maji ya mchele. Ni mtoto wa jicho. Mbwa wengi wenye kisukari hupatwa naye ndani ya mwaka wa kwanza, hata wale wanaodungwa kwa uaminifu, kwa hiyo asitafutwe mchawi wala mtu asijilaumu. Matone hayamwondoi, kinachomwondoa ni upasuaji wa kutoa lenzi, na huku kwetu haupatikani kirahisi. Ila jicho likiwa jekundu, likichuruzika machozi, mbwa akilifinya au kulisugua mkekani, hilo si la kungoja. Lenzi inayovuja huwasha jicho kwa ndani, presha ya jicho inaweza kupanda, na maumivu yake ni makali. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Sasa sindano. Karibu mbwa wote wenye kisukari huhitaji insulini kila baada ya saa 12, maisha yao yote. Vidonge vya baba au bibi haviwafai. Kwa kawaida daktari huanzia robo yuniti kwa kila kilo, basi mbwa wa kilo 12 huanza na yuniti 3 hivi, kisha kipimo hupandishwa taratibu kwa kufuata vipimo vya damu. Namba ni ya daktari. Ya kwako ni kuifikisha nzima, na watu wengi hujikwaa kwenye bomba la sindano.

Insulini iliyotengenezwa kwa ajili ya mifugo mara nyingi huwa na yuniti 40 kwa mililita moja. Ile ya binadamu tunayoipata duka la dawa huwa na 100. Kila moja ina bomba lake. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 mpaka mstari wa 4, umevuta mililita 0.1, yaani yuniti 10. Mbwa aliyepangiwa 4 amepewa 10, na mkono wako umefanya kila kitu "sawasawa". Ukikosea upande wa pili, ya 40 kwa bomba la 100, anapata 1.6 tu, na nyumba nzima inashangaa kwa nini anaendelea kukojoa usiku kucha. Methali 11 inafungua na mizani ya hadaa. Mstari huo tumezoea kuuhubiri kwa wenye vibanda sokoni. Usomwe pia mbele ya friji.

Chakula kwanza, sindano baadaye. Apimiwe chakula kilekile, kwa kikombe kilekile, saa moja asubuhi na saa moja jioni. Kama ni ugali na dagaa, basi dona ni afadhali kuliko sembe, lakini lililo kubwa ni kutobadilishabadilisha. Akiisha kula, toa chupa kwenye friji (mlangoni, kamwe si kwenye barafu, iliyoganda hutupwa). Ile insulini nyeupe kama maziwa, aina iitwayo NPH, ibingirishe kati ya viganja mara kumi hivi bila kuitikisa. Vuta, gonga bomba viputo vitoke. Inua ngozi ya ubavuni ifanye kihema, ingiza sindano chini ya kihema hicho, sukuma. Asubuhi kushoto, jioni kulia, ngozi isifanye sugu. Ukihisi manyoya yamelowa, dawa imepitiliza. Usirudie. Hujui ni kiasi gani kimeingia, na sukari iliyopanda kwa saa 12 haina hatari kama iliyoporomoka.

Na akikataa kula? Usimdunge kipimo kizima. Mpigie daktari, mara nyingi atapunguza au ataahirisha. Akikataa chakula huku anatapika na pumzi inanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, hiyo ni dharura, safari ianze.

Sukari ikishuka mno utamwona anayumba, anatetemeka, anakuwa kama mlevi, kisha anaanguka kifafa. Kwa kuwa haoni, watu hudhani amejigonga tu. Mpake asali au maji mazito ya glukosi kwenye fizi, kijiko kimoja cha chakula kwa mbwa wa wastani. Usimmiminie kooni atapaliwa, na usitie vidole kati ya meno akiwa na kifafa. Akizinduka ale, kisha aende kwa daktari.

Tunarudi kwenye ile huruma. Mgeni anamwona mbwa kipofu, roho inamuuma, anamtupia kipande cha chapati. Mwanamke Mkananayo alisema hata mbwa hula makombo yaangukayo mezani. Katika nyumba hii hata makombo yana hesabu. Mbaya zaidi ni yule anayefikiri kwa nusu na kuleta biskuti au bigijii "zisizo na sukari". Nyingi hutiwa utamu wa zailitoli, kwenye pakiti huandikwa pia E967. Kwa mbwa ni sumu: huangusha sukari ghafla na huweza kuharibu ini.

Kuhusu upofu wenyewe, Walawi 19:14 inakataza kumwekea kipofu kikwazo, na kikwazo cha nyumbani ni ndoo iliyohamishwa. Viti vibaki vilipo. Karo, shimo na jiko la mkaa vizungushiwe. Weka kipande cha mkeka mwanzoni mwa ngazi, miguu yake ijue imefika. Ukimbeba, mshushe palepale kila siku, kando ya bakuli la maji. Ukimshusha popote anakuwa kama mtu aliyeshushwa na basi usiku mji asioujua. Mwite kabla ya kumgusa, na watoto nao wafundishwe, maana mbwa mpole anayeshtuliwa huuma. Mkanda wake uwe wa kifuani, kwani wa shingoni ukivutwa huongeza presha ya macho. Baada ya wiki kadhaa atakuwa anajua nyumba kwa pua kuliko ninyi kwa macho. Hadanganyiki kirahisi kama Isaka na zile nguo za Esau.

Neno kwa msimu wa mfungo: huyu hafungi. Wanyama wa Ninawi waliamriwa kufunga pamoja na watu, lakini hawakuwa kwenye insulini. Siku za mkesha na ibada ndefu, jirani mmoja apewe ufunguo na afundishwe mapema, kwa kudunga chungwa kwa maji kabla ya kumdunga mbwa.

Kosa la mwisho ni la familia zenye upendo: baba anadunga, binti anarudi kutoka kwaya naye anadunga. Chukueni kalenda ya kanisa, itundikwe jikoni na kalamu ifungwe kwa uzi. Alama moja asubuhi, moja jioni, inawekwa na aliyedunga kabla hajanawa mikono.

Ombi la wiki hii ni kwa wenye zamu ya jioni.