Nilivyojiandaa Moshi kukimbia ndani ya korongo la Namibia

Ukisema Moshi kwamba unakwenda kwenye mbio za njia za porini, kila mtu anakushauri kuhusu kupanda. Kijana aliyebeba mizigo ya wageni kwenye njia za Kilimanjaro, Machame au Umbwe, mapafu anayo tayari. Tena mfano tunao hapahapa: mwaka 2006 mkimbiaji Simon Mtuy alifika kilele cha Uhuru na kurudi chini kwa saa tisa na dakika kadhaa. Mimi nilihitaji mazoezi ya aina nyingine.

Korongo la Fish River, kusini mwa Namibia, lina urefu wa kilomita kama 160, na kina chake kinazidi mita 500. Njia ya miguu inashukia Hobas na kuishia Ai-Ais, takriban kilomita 85, na wengi huitembea kwa siku nne au tano. Sisi tulikwenda kuimaliza kwa mkupuo mmoja. Hufunguliwa Mei hadi katikati ya Septemba tu, maana miezi mingine joto la mle ndani ni hatari kwa maisha.

Kwa kuwa njia inaanza kwa mteremko, nilijifunza kushuka. Asubuhi napanda daladala hadi karibu na geti la mlima la Mweka, halafu nateremka mbio mpaka mjini. (Mama mmoja muuza ndizi aliniuliza, "Mwanangu, umeiba nini?") Mteremko ndio unaochana misuli ya mapaja, na njia nzuri ya kuizoesha ni kushuka mara kwa mara.

Korongoni kuna mchanga pia; wa mazoezi niliufuata tambarare, kwenye makorongo makavu ya upande wa Boma Ng'ombe. Huko ndiko nilikokubali kutembea. Kwenye mchanga mzito anayekimbia na anayetembea kwa haraka hawaachani sana, ila mmoja anamaliza nguvu. Tatizo lililobaki ni mchanga kuingia kwenye viatu na kuchubua vidole. Nilimpelekea fundi cherehani kipande cha hema kuukuu anishonee vifuniko vya kuanzia kwenye kiatu hadi juu ya kifundo cha mguu.

"Kaka, hizi soksi za punda?" akaniuliza, huku anapima. Alizishona vizuri kuliko nilivyotarajia.

Joto lilitaka akili zaidi, kwa sababu Juni na Julai Moshi ni mawingu na baridi. Nilikuwa nashuka Kahe, tambarare kwenye joto, saa saba mchana na kukimbia nimevaa sweta. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea: jasho linaanza kutoka mapema na linapoteza chumvi kidogo. Wanaokuambia "kunywa maji tu" usiwasikilize. Maji mengi bila chumvi yanashusha sodiamu kwenye damu, na mtu anaanza kichefuchefu, kichwa kuuma, hata kuchanganyikiwa. Mimi nilibeba pakiti za ORS (chumvi na sukari ya kuchanganya na maji), tende, na viazi vya kuchemsha vilivyokolea chumvi. Zile jeli za wakimbiaji zinanishinda.

Siku yenyewe, mteremko wa kwanza una minyororo ya kushikilia, na mapaja yalitulia. Kilomita kama 15 za mwanzo, hadi kwenye chemchemi za salfa, ndizo mbaya kuliko zote: mawe makubwa kama majiko, kisha mchanga, kisha mawe tena. Wenzangu kadhaa walikuwa wanaruka jiwe hadi jiwe. Niliwaacha waende, nikatembea, na wengi nilikutana nao baadaye wamekaa chini wanakung'uta viatu. Mbele korongo linapanuka, na hapo nilikimbia kweli. Mchana kuta zinarudisha joto na kivuli ni cha kutafuta. Nilikuwa nalowesha kofia na shingo kila tulipovuka mto, na maji ya kunywa nayachota na kutia dawa. Jua likishazama baridi inaingia haraka, hivyo koti jepesi na tochi ya kichwani usiviache hata kama begi limejaa. Niliingia Ai-Ais usiku, sina lengelenge hata moja.

Wanaoniuliza kuhusu viatu: vya mtumba vya soko la Memorial hapa Moshi vinafaa kabisa, ili mradi soli iwe na meno na vikuzidi namba moja, kwa sababu miguu inavimba. Vivae kwenye mazoezi marefu kabla ya kusafiri.