Kifua kilekile, mara ya pili

Jumapili usiku.

Leo ni siku ya nne tangu mdogo wangu atolewe chumba cha upasuaji. Jioni amekunywa uji nusu kikombe, kikombe kakishika mwenyewe. Nimeambiwa nirudi nyumbani nikalale, ila usingizi hauji.

Mwaka 2009, alipopasuliwa mara ya kwanza kule India, hatukuwa tunajua kitu. Tuliambiwa kazaliwa na valvu ya aota, yaani mlango wa damu kwenye mshipa mkuu utokao moyoni, yenye vipande viwili badala ya vitatu, imekakamaa, lazima ibadilishwe. Alikuwa na miaka 19. Daktari akampa hiari. Valvu ya kutengenezwa hudumu, lakini angemeza warfarini kila siku ya maisha yake ili damu isigande, na dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ya mnyama haina masharti hayo, ila kwa kijana huchakaa mapema. Mama aliuliza jambo moja tu: ni ya nguruwe? Akajibiwa hapana, imeshonwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe. "Nataka kuzaa," mdogo wangu akasema, mbele ya baba. Akachagua ya ng'ombe. Binti yake sasa yuko darasa la nne.

Kwa hiyo tulijua siku hii ingefika. Tusichokijua ni kwamba ingekuja na jambo la pili: aota yenyewe, juu ya valvu, ilikuwa imetanuka hadi sentimita 5.6. Wenye valvu ya vipande viwili mara nyingi ukuta wa mshipa huo nao ni dhaifu. Ukichanika, mtu anaweza kufa kabla hajafikishwa hospitali.

Safari hii upasuaji umefanyika hapa hapa Dar, na daktari alitueleza kwa kuchora nyuma ya bahasha. Kifua ambacho hakijawahi kuguswa, moyo umekaa huru nyuma ya mfupa. Kilichowahi kufunguliwa, makovu yameugandisha moyo na mishipa yake kwenye mfupa uleule ambao msumeno lazima upite. Ndiyo maana walipima kwanza, kwenye picha za CT, nafasi iliyobaki kati ya mfupa na aota. Ndiyo maana mishipa ya kinenani iliandaliwa mapema, ili mashine ya kuzungusha damu iweze kuunganishwa hata kabla kifua hakijafunguka. Kisha saa nzima nzima za kubandua makovu, kidogo kidogo, kabla kazi yenyewe haijaanza. Hapo ndipo mama alipoinuka akaenda kutawadha.

Kazi yenyewe inaitwa Bentall, kwa jina la daktari aliyeieleza mwaka 1968 huko London pamoja na mwenzake De Bono. Valvu na mwanzo wa aota huondolewa pamoja, huwekwa bomba la kitambaa lenye valvu mpya, halafu mishipa inayoulisha moyo hushonewa ubavuni mwa bomba hilo. Nimeyasoma hayo mara nyingi sana usiku. Kuyajua hakukunipunguzia hofu, lakini kulinipa cha kuombea kwa majina.

Damu ilitakiwa nyingi. Walikuja watu wa msikitini, jirani tuliyegombana naye kwa ajili ya ukuta, na vijana wa bodaboda wawili nisiowajua hata leo.

Sasa nitasema langu. Mwaka ule ule wa 2009 tuliambiwa ndugu wa damu wapimwe, kwa kuwa jambo hili hutembea ndani ya familia. Sikwenda. Kila mwaka nilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa woga.

Ijumaa nilikwenda, na binti yake nikaenda naye. Nilipimwa mimi kwanza, nikaambiwa niko salama. Kisha akapanda kitandani yeye, akashtushwa na ubaridi wa ile jeli, akanishika kidole. "Mama mkubwa, inauma?" Haiumi, mwanangu. Mpimaji akasogeza kifaa, akasimamisha picha, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini kwa kidole juu ya kioo.

Moja. Mbili.

Tatu.