Siku moja maishani mwangu: muhuri uliosahaulika ofisini

Saa 11 alfajiri

Mvua ya Mei haibishi hodi hapa Likoni, Mombasa. Mabati yananiamsha kabla ya adhana, na simu nayo ina ujumbe ulioingia usiku: "Dada, baba amekataa nisije. Asema siasa zitanitia mashakani." Ni binti wa saluni, mmoja wa vijana 20 ninaowafundisha mwaka huu jinsi ya kufuatilia mambo ya mtaa wao, na ndiye anayeandika vizuri kuliko wote.

Naswali, nakoroga chai, nasubiri kupambazuke ndipo nampigia babake. Mzazi simpigii ili nimshinde kwa maneno. Nampigia ajue mwanawe anakwenda wapi na nani.

"Subalkheri, mzee wangu."

"Alkheri. Wewe ndiye mwalimu wao? Basi nambie, watapigwa?"

Namheshimu kwa kuuliza wazi. Tarehe 25 Juni 2024 vijana wa Kenya waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza kodi, na wengine hawakurudi makwao. Kesho yake rais alitangaza hatautia saini, lakini kwa mzazi, mswada kuondolewa hakumfidii mtoto. Namweleza kwamba leo hatuandamani. Kuna kikao cha umma cha kutoa maoni juu ya makadirio ya bajeti ya kaunti, ndani ya ukumbi, saa 8 mchana, na nitamrudisha kabla ya Magharibi. Ananyamaza kidogo.

"Nitamleta mwenyewe."

Saa 1 asubuhi

Feri. Sisi wa miguu tunavuka bure, tumebanana na baiskeli na beseni za samaki. Ng'ambo nafuata matatu ya Mikindani, begi la karatasi nimelikumbatia lisilowe.

Saa 3 asubuhi

Wamefika 19. Chumba tumekodi, viti vya plastiki, ubao mmoja. Kwanza tunamaliza suala la pesa, kwa sababu lisipomalizwa mapema hukaa mezani siku nzima. Nauli nalipa, kila mtu ya alikotoka, na anaandika kiasi na kutia saini mbele ya wenzake. Posho ya kukaa kitini silipi. Nimeona vikundi vingi hapa Pwani vikifa siku ufadhili ulipokatika, kwa kuwa vijana walizoeshwa kulipwa ili wajali mtaa wao. Lakini kumwambia kijana asiye na kazi atembee kutoka Miritini kwa jina la uzalendo ni dhuluma vilevile. Kwa hiyo nauli ni haki yake, na karatasi ya nauli ndiyo somo la kwanza la hesabu za umma.

Kisha nawaeleza habari za mtaa wa Owino Uhuru. Ni papa hapa Mikindani, na wengine wamepita pale maisha yao yote bila kuijua hadithi yenyewe. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido aliajiriwa humo. Mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha madini ya risasi damuni. Akaanza kuuliza, akapeleka watoto wengine wapimwe, akaandika barua ofisi baada ya ofisi. Mwaka 2012 alikamatwa kwa sababu ya maandamano, baadaye mahakama ikamwachilia. Kiwanda kilifungwa 2014. Kesi ya wakazi ilifika mahakamani 2016, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikayatengua malipo hayo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikayarejesha.

"Miaka yote hiyo?" anauliza dereva wa tuktuk, kijana mwenye hasira kuliko wote, na hasira yake naipenda.

Miaka yote hiyo. Wako waliokufa wakingoja. Sitaki kuwapamba, nawaambia kama ilivyokuwa. Ninalotaka walione ni kwamba jaji hawezi kupima neno "tunaumia". Anaweza kupima karatasi ya damu yenye jina la mtoto, tarehe na kiwango.

Ndipo tunageukia mtaro wetu. Wiki mbili zilizopita waliniletea sentensi moja: "Serikali imetusahau." Nikawarudisha mtaani. Leo binti wa saluni, aliyefika na babake nyuma yake, anasoma walichokusanya: mvua ya Jumamosi, saa 9 alasiri, maji yaliingia nyumba 34 kati ya kisima na msikiti, mtaro umeziba mahali pawili, mwenye duka la unga amepoteza magunia 6. Wamepiga picha na kuchora ramani kwa mkono. Mzee amekaa mlangoni kwenye kiti nilichompa, kofia gotini, anasikiliza.

Saa 5 asubuhi

Sheria. Hapa napunguza mwendo, kwa kuwa ndipo uoga unapokaa. Ibara ya 37 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha maombi kwa mamlaka, kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mwandalizi ampe OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, taarifa siku 3 kabla, isizidi 14. Taarifa! Naliandika neno hilo kwa herufi kubwa ubaoni, maana kila kundi jipya huja likiamini kwamba polisi anaombwa ruhusa. Ukikamatwa, Ibara ya 49: uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa, una haki ya kunyamaza na kuzungumza na wakili, na ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Tunaigiza. Mmoja anakuwa askari, mwingine mshtakiwa. Wanacheka mwanzoni, kisha kicheko kinakwisha chenyewe, na namwachia kila mmoja arudie mpaka sauti isitetemeke.

"Haya mbona hatukufunzwa sisi?" anauliza mzee mlangoni. Hakuna anayemjibu. Tangu hapo anaandika nyuma ya risiti.

Saa 7 mchana

Wali wa nazi, maharagwe, na mvua imekatika.

Saa 8 mchana

Ukumbi umejaa nusu. Kitabu cha makadirio ni kinene kama tofali na chote ni Kiingereza. Muhtasari ulitolewa jana. Katiba, Ibara ya 201, inadai uwazi na ushiriki wa umma katika mambo ya fedha, na mimi nasema wazi kwamba kumpa mama muuza mboga usiku mmoja na kitabu asichokisoma si kumshirikisha. Vijana wangu walikuwa wameanza kukitafuta mwisho wa Aprili, muda ambao sheria inataka makadirio yawe yamefika bunge la kaunti. Walipokipata waligawana kurasa, wakautafuta mtaro wao. Haumo.

Kila mtu anapewa dakika 2. Mzee mmoja anatumia zake zote kumshukuru mheshimiwa. Zamu ya binti wa saluni inapofika anasimama, anataja nyumba 34, magunia 6, mahali pawili, ukurasa ambapo mifereji ya wadi imeorodheshwa, na anaomba wa kwao uongezwe. Dakika moja na nusu. Meza ya mbele wanaacha kuangalia simu. Mmoja wao anamwomba arudie namba ya ukurasa.

Kisha tunakwenda kwa karani na nakala mbili za maoni yetu, pamoja na barua ya pili inayoomba taarifa: mwaka jana zilitumika pesa ngapi kuzibua mitaro ya wadi hii, na alipewa kazi nani? Nakala moja abaki nayo, nyingine agonge muhuri turudi nayo.

"Muhuri nimeuacha ofisini," anasema karani. "Acheni tu, zitafika."

Zitafika. Nimelisikia neno hilo miaka 9. Namtazama dereva wa tuktuk, shingo imeshamvimba, na mguu wangu mmoja uko tayari kumwahi. Anavuta pumzi.

"Hakuna neno, dada. Basi tuandikie kwa mkono: umepokea, jina lako, cheo, tarehe na saa. Na saini."

Karani anamwangalia, anaangalia foleni nyuma yake, anachukua kalamu. Saa 9:40, Alhamisi. Kijana anaisoma karatasi neno kwa neno kabla ya kuikunja, kisha anasema ahsante. Mimi nimesimama kando nimeuma mdomo nisilie mbele za watu.

Saa 11 jioni

Tunakaa barazani kufanya tathmini. Wamegundua wenyewe walipokosea: hawakumleta mwenye duka aseme kwa kinywa chake, na mama wenye nyumba zilizoingia maji hawakuwa na wa kuwashikia watoto. Kikao kijacho wawili watabaki na watoto. Hilo sikulifundisha mimi.

Mzee anaondoka na bintiye. Ananiaga kwa mkono, ananiuliza kama vikao hivi vina umri. Namwambia havina.

Saa 2 usiku

Nimerudi Likoni, miguu imelowa. Napiga picha karatasi ya karani, natuma nakala kwa watu watatu tofauti, halisi naitia kwenye faili. Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa afisa siku 21 kujibu. Ukutani jikoni nina kalenda ya duka la nafaka. Nazungushia Alhamisi ya tatu kuanzia leo kwa kalamu nyekundu.

Simu inalia. Dereva wa tuktuk.

"Dada, siku ya 22 ni lini?"

"Ijumaa."

"Asubuhi siweki abiria. Niko hapo."