Nilivyoanzisha karatasi ya bei za dagaa Kirumba kwa kumfuata Charles Dow

Mama anayeanika dagaa Ukerewe akipigiwa simu kwamba bei ya soko la Kirumba Mwaloni, jijini Mwanza, imeanguka, atabishaje? Anayempa habari ndiye huyohuyo anayetaka kununua. Mama yangu mdogo ameishi na simu za namna hiyo kwa miaka mingi, na mimi niliyesomea biashara nikaona ni lazima nifanye jambo.

Njia niliipata kwenye historia ya The Wall Street Journal, gazeti la biashara la Marekani. Mwaka 1882 waandishi watatu, Charles Dow, Edward Jones na Charles Bergstresser, walianzisha kampuni ya Dow Jones jijini New York, kwenye chumba kidogo cha chini. Waliandika habari za soko kwa mkono kwenye vikaratasi vyepesi, vijana wakavikimbiza hadi kwa wateja waliolipia. Mwaka uliofuata vikawa muhtasari wa kila alasiri, na tarehe 8 Julai 1889 likatoka gazeti lenyewe, kurasa nne kwa senti mbili. Kusoma hayo kulinipa moyo sana. Kalamu na karatasi hata mimi ninavyo.

Kilichonifaa zaidi ni hesabu ya Dow. Tarehe 26 Mei 1896 alitoa wastani wa kampuni 12 za viwanda: alijumlisha bei za hisa zao, akagawa kwa 12, akapata 40.94. Mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Uzito wake uko kwenye kurudia kanuni ileile kila siku, ili namba ikipanda msomaji ajue kilichobadilika ni soko. Tena Dow hakuchanganya kila kitu. Wastani wake wa kwanza, wa mwaka 1884, ulikuwa na kampuni 11 na tisa kati yake zilikuwa za reli. Baadaye viwanda vikapata namba yao, na reli nazo zikapata namba yao.

Nami nikatenganisha dagaa wa chanja, walioanikwa juu ya chanja, na dagaa wa mchanga, walioanikwa chini mchangani, kwa sababu bei zao haziendi pamoja. Nikachagua wauzaji wa pale Mwaloni ambao mzigo wao unatoka mialo tofauti, na ninawafuata haohao kila asubuhi mzigo wa visiwani ukishashushwa. Nauliza bei iliyolipwa. Bei ya kutajwa ni maneno tu, kila mtu anaweza kuitaja. Halafu nageuza yote kuwa bei ya kilo, maana magunia hayashindiliwi sawa na wapo wanaojaza lumbesa. Najumlisha, nagawa, naandika.

Namba peke yake haitoshi. Usiku wa mbalamwezi taa haziwavuti dagaa, wavuvi wengi wanapumzika, mzigo unapungua na bei inapanda. Asiyejua hilo atadhani kuna wanunuzi wapya kutoka Kongo. Kwa hiyo chini ya kila bei naweka sentensi moja au mbili za sababu: ni giza au mbalamwezi, mvua imenyesha visiwani, mzigo umekauka vibaya. Barney Kilgore, aliyekuwa mhariri mtendaji wa The Wall Street Journal kuanzia 1941, alilielekeza kwenye kueleza sababu kwa lugha ya mtu wa kawaida, hata aliye mbali na Wall Street, mtaa wa soko la hisa New York. Alilikuta likiuza nakala zipatazo 33,000. Alipofariki mwaka 1967 zilikuwa zimepita milioni moja. Sishangai hata kidogo.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuaminiwa. Miaka ya 1980 mwandishi wa gazeti hilohilo, R. Foster Winans, alikuwa akimpa dalali wa hisa habari za safu yake kabla hazijachapishwa, ili wafanye biashara mapema. Alipatikana na hatia mwaka 1985, na Mahakama ya Juu ya Marekani haikumwokoa mwaka 1987. Ndiyo maana mimi sinunui wala siuzi dagaa. Bei inatoka kwa wote kwa wakati mmoja: wenye simu janja kwenye kundi la WhatsApp, wenye kitochi kwa meseji, na karatasi nabandika ukutani kwa mama lishe mmoja pale sokoni.

Mama mdogo alinipigia. "Mwanangu, hata mimi nisubiri?"

"Hata wewe, mama. Ukitangulia wewe, kesho nani ataniamini?"

Alinyamaza kidogo, kisha akakubali. Siku hizi akipigiwa simu anamtajia mnunuzi namba ya asubuhi hiyo, na mazungumzo yanaanzia hapo. Hapati bei anayoitaka kila mara, lakini haanzi tena kwa kuomba. Hata madalali wananiuliza karatasi ikichelewa.

Sasa watu wananisihi niongeze bei za kisiwa cha Goziba, kulekule kwenye kambi ya wavuvi. Nitafanya hivyo nikipata mtu wa huko asiyeuza dagaa, atakayekubali kupima kwa kilo na kuandika kila asubuhi, hata siku ambayo hakuna mzigo.